Kanisa la Kale Lina Wenyewe: Mafunzo Niliyopata Unyamwezini

Nimezoea kutembelea makanisa ya kale ya Tabora na wilaya zake, hasa ya Wamoravian, kuanzia mjini hadi Urambo na Sikonge. Anayeyatazama kwa haraka huondoka akisema ni kazi ya Wazungu. Mimi nimejifunza kuwa makanisa haya yana wenyewe, na wenyewe ni watu wa hapa hapa.

1. Anza na njia, ndipo uingie kanisani

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo. Hapo iligawanyika, moja ikienda Ujiji, nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wamisionari waliikuta. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wameshaizoea, wakiteremsha pembe za ndovu pwani na kurudi na vitambaa na shanga.

Ndiyo maana nikiwa na mgeni nampitisha kwanza Kwihara, kwenye tembe la Livingstone. Wasafiri David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa hapo mwaka 1872. Stanley aliondoka mwezi Machi; Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Akafia safarini, na Oktoba 1873 watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliingia Unyanyembe wakiwa wamebeba maiti yake. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapo, aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa, wakaendelea naye mpaka Bagamoyo. Tangu nilipolielewa jambo hilo, sisomi tena habari za kanisa lolote la njia hii bila kuuliza wapagazi walikuwa nani na waliamua nini.

2. Uliza ardhi ilitolewa na nani

Daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society alifika Urambo mwaka 1879. Alikaa kwa sababu mtemi Mirambo alimkaribisha. Mirambo hakubatizwa, alichotaka ni tabibu na urafiki na Waingereza. Southon alifariki mwaka 1882, Mirambo akamfuata mwaka 1884, na mwaka 1898 kituo cha misheni kikakabidhiwa kwa Wamoravian.

Nikifika ushirika wowote mkongwe, hilo ndilo swali langu la kwanza kwa wazee: hapa alitoa nani? Jibu huchukua muda, maana mzee ataanza na ukoo, aje kwa mtemi, aje kwenye mpaka wa shamba, ndipo amtaje mmisionari. Mpangilio huo wa masimulizi ni elimu tosha. Usimkatize.

3. Nenda siku ya ibada

Jengo likiwa tupu litakuonyesha matofali na madirisha. Jumapili litakuonyesha watu. Mgeni husimamishwa, akajitambulisha, akapigiwa makofi. Ukimwamkia mama wa Kinyamwezi kwa "Mwangaluka, mayo," kabla ya ibada, hutakosa wa kukaa naye.

Kaa mpaka mwisho, kwa sababu baada ya baraka kuna mnada. Sadaka za mazao hutolewa nje: karanga, boga, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa hunadi kwa sauti, bei inapanda kwa vicheko, na fedha huingia kwenye mfuko wa ushirika. Nimeshuhudia boga likinunuliwa na kurudishwa mnadani mara kadhaa, kila mnunuzi akilitoa upya, mwishowe akakabidhiwa bibi mmoja mjane aondoke nalo. Bati la kanisa hununuliwa hivyo. Mtu wa kawaida asiye na mshahara anakuwa mjenzi kwa kuku wake.

4. Pitia makaburini

Wamoravian, tangu Herrnhut kule Ujerumani, wana desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, na huku kwetu desturi hiyo imeshika mizizi. Watu hukusanyika kukiwa bado giza, tarumbeta zinapigwa, na jua linachomoza waumini wakikiri ufufuo mbele ya waliowatangulia. Sijaona ibada inayowaunganisha walio hai na wafu wao kwa uwazi kama huo.

Makaburini utakuta mmisionari amelala karibu na mwinjilisti, na watoto wengi, kwa kuwa malaria haikuchagua. Soma majina yote. Kisha wakumbuke wapagazi waliofia njiani bila hata jiwe la kichwani.

5. Omba kuona vitabu vya ubatizo, kwa adabu

Kwa ruhusa ya mchungaji nimewahi kufunguliwa kitabu cha zamani: wino uliofifia, jina la Kinyamwezi upande mmoja, jina la Biblia upande wa pili, wazazi, kijiji, mashahidi. Kona za kurasa zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mzee aliyekaa pembeni yangu alimkuta nyanya yake humo, akaweka kidole juu ya jina na kunyamaza.

Familia nyingi za huku hazina maandishi mengine ya wakati ule. Kitabu hicho ni mali ya watu, kwa hiyo usikipige picha bila idhini, na usitangaze habari za ukoo wa mtu.

6. Tazama nje ya uzio

Kanisa la kale hupimwa kwa kilichoota kando yake. Sikonge, Wamoravian waliweka hospitali na kuwahudumia wagonjwa wa ukoma wakati wengine wakiwakimbia. Kutoka Tabora, kiwanda cha chapa cha Wakatoliki, T.M.P., kilisambaza vitabu vya sala na masomo kwa Kiswahili. Na Teofilo Kisanji, askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Moravian nchini, ni zao la huku huku.

Tazama na majirani. Tabora ni mji wa misikiti tangu enzi za wafanyabiashara wa pwani. Msiba ukitokea, Mwislamu na Mkristo hukaa mkeka mmoja, na watani wanafanya kazi yao bila kuuliza dini ya marehemu. Ushirika ulio hai hujulikana hapo.

Basi, ndugu msomaji, kama kwenu kuna kanisa kongwe, nenda mwaka huu, wazee wangali wapo. Chukua daftari, andika majina yaliyo makaburini, andika aliyetoa ardhi, aliyechoma matofali, aliyepiga tarumbeta ya kwanza. Na ninyi viongozi wa shirika na parokia, nunueni kabati la chuma kwa ajili ya vitabu vya ubatizo kabla ya kununua spika mpya. Spika zitapatikana tena. Majina yakishaliwa na mchwa hayarudi.