Ndoo Tatu Zilizopotea Usiku

Miaka kadhaa iliyopita nilipanga chumba katika nyumba moja ya Bagamoyo, si mbali na ufuko. Juu ya nyumba palikuwa na tangi la maji, na uani palikuwa na choo cha kuvuta. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa hesabu: kila siku saa 12 jioni alipanda ngazi akapima maji kwa fimbo, na saa 12 asubuhi akapima tena. Akaona kwamba kila usiku hupungua ndoo tatu. Basi akamshuku mpwa wake, kijana wa darasa la 6 aliyelala ukumbini, ya kuwa huwafungulia rafiki zake mlango wakateka maji. Kijana akaapa, hakusadikiwa. Bibi wa nyumba naye alisema kwamba usiku husikia maji yakilia chooni, na ndani hamna mtu. Kwake yeye hilo lilikuwa jambo la jini.

Msicheke. Maji ya bomba ya Bagamoyo hutoka Mto Ruvu, na mto hupungua: mwishoni mwa mwaka 2022, kwa sababu ya ukame, watu wa Dar es Salaam waligawiwa maji kwa zamu. Tena visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Ndoo tatu hazikuwa kitu kidogo, na kijana alikuwa karibu kurudishwa kwao.

Nikaomba nichunguze choo kwanza. Ukifungua kifuniko cha tangi dogo lililo nyuma ya choo, utaona boya likielea. Maji yakipanda, boya hupanda nayo na kufunga njia ya kuingilia. Chini pana tundu kubwa lililozibwa kwa mpira. Ukivuta mkono wa choo, mpira huinuka na maji hushuka kwa kishindo. Kando yake husimama bomba la kufurikia, ambalo hupokea maji yaliyozidi na kuyashusha bakulini, yasimwagike sakafuni. Basi maji yana njia mbili za kupotea kwa siri: juu, boya lisipofunga, au chini, mpira usipoziba. Wala bakuli halitajaa likakuonya, kwa kuwa bomba lake limepindwa kama shingo ya bata, na kila tone linaloingia husukuma jingine nje.

Tulipapasa mabomba na sakafu: pakavu. Nikatia tangini buluu kidogo ya kufulia nguo, nikawakataza watu wasitumie choo. Baada ya nusu saa maji ya bakulini yakageuka rangi ya samawati. Yanapita, naam, lakini kwa njia ipi? Hapa ndipo wengi hukosea. Hununua boya jipya, na maji yakaendelea kupotea. Maji ya tangini yalikuwa karibu sana na mdomo wa bomba la kufurikia. Nikapiga mstari wa penseli penye usawa wake, nikafunga koki. Kama kosa lingalikuwa juu, maji yangalisimama penye mdomo ule yasishuke zaidi. Baada ya nusu saa nyingine yalikuwa yameshuka chini sana ya mstari. Mpira basi! Na kila yaliposhuka usiku, boya lilishuka nayo likafungua njia. Hilo ndilo jini la bibi.

Tukautoa mpira: umekakamaa, na ukingo wa tundu umeshika magamba meupe. Tukausugua ukingo, tukatia mpira mpya. Asubuhi fimbo ilionyesha alama ileile ya jioni. Mwenye nyumba akateremka ngazi, akamwita mpwa wake mbele ya watu wote wa nyumba, kwa kuwa mbele yao ndipo alipomshutumu, akamtaka radhi.

Hesabu: Ndoo 3 za lita 20 zilipotea kwa saa 12. Ni lita ngapi kwa saa moja? Maji hayo yangejaza bilauri ya robo lita kwa dakika ngapi? Mkipata jibu mtajua kwa nini hakuna aliyeyasikia yakishuka.