Birika, Mbu na Mgeni: Somo la Homa ya Lamu



Katika Suratul Baqara, aya ya 26, Allah (s.w.) anataja mbu. Waumini wanajua kwamba mfano ule ni haki kutoka kwa Mola wao, na waliokufuru wanauliza kuna kusudi gani katika kitu kidogo namna hiyo. Somo letu la toleo hili ni la mdudu huyo huyo. Likizo inakaribia, na wengi wetu hapa Uganda tumeshaanza kuulizana nauli ya basi la Mombasa, na wengine wanataka kufika Lamu na Zanzibar. Kila mmoja atakumbushwa malaria, nayo tunaijua tangu utotoni. Ugonjwa ninaotaka tuusome hapa ni mwingine. Mbu wake anauma mchana, anapenda maji safi, na anaishi ndani ya nyumba za watu wasafi.

Ugonjwa huo ni chikungunya. Jina lenyewe ni la Kimakonde, nalo maana yake ni kujikunja, kwa sababu mgonjwa hupinda mgongo na magoti kwa maumivu ya viungo. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1955 na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden. Wanafunzi wa sayansi wafurahie jambo moja: kirusi chake kilitengwa na R. W. Ross wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, yaani mwendo wa saa moja hivi kutoka Kampala. Uwanda wa Makonde unajulikana kwa shida ya maji. Akina mama waliteremka mabondeni kuyateka, kisha yakawekwa nyumbani kwa siku nyingi. Shikeni jambo hilo la maji ya kuwekwa, maana ndilo ufunguo wa habari yote inayofuata.

Huenda ugonjwa huu ni wa zamani zaidi kuliko jina lake. Mwaka 1870 Zanzibar ilipatwa na homa iliyowakunja watu viungo, na daktari James Christie aliyekuwa kisiwani wakati huo aliandika kuwa wenyeji waliiita kidinga pepo. Leo neno hilo tunalitumia kwa homa ya dengi, lakini wapo watafiti waliosoma maelezo yake ya viungo kuuma kwa muda mrefu wakaona yanafanana zaidi na chikungunya. Dengi na chikungunya zinaambukizwa na mbu wa aina moja, kwa hiyo kuzichanganya si ajabu, na hata leo zahanati nyingi huzichanganya zote mbili na malaria.

Sasa twende Lamu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Una mitaa myembamba, punda, misikiti mingi na wageni wengi, wakiwemo wanaokuja kwa Maulidi na wanaokuja kwa bahari ya Shela. Katikati ya mwaka 2004, baada ya kipindi cha ukame, watu wa mji huo walianza kuanguka kwa homa kali. Vipimo vya malaria havikueleza kitu. Maabara zilipochunguza damu, kilichopatikana ni chikungunya. Uchunguzi uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba asilimia 75 ya watu walikuwa wameambukizwa, nao walikadiriwa kufika 13,500. Msikiti wenye safu nne ungebakiwa na safu moja tu ya watu wazima wa afya.

Mtu atauliza: ukame na mbu wapi na wapi? Sisi tumezoea mbu wa mvua. Hapa ndipo elimu ya mdudu huyu inapohitajika. Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, hatagi kwenye matope wala kwenye kinamasi. Anataga kwenye chombo: mtungi, pipa, dumu lililokatwa, tairi, kifuu cha nazi, sahani iliyo chini ya chungu cha maua. Mayai anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande yayafikie. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10 penye joto. Ukame ukija, watu huhifadhi maji mengi zaidi, tena hawayamwagi wala hawasugui chombo, kwa kuwa kila kata ni ya thamani. Ndiyo maana watafiti waliouchunguza mlipuko ule wa pwani waliuhusisha na ukame.

Wazee wa Lamu na miji mingine ya Waswahili walikuwa na dawa yao. Kwenye birika la chooni au la kutawadhia waliweka samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, na katika nyumba za wenye uwezo sakafuni mwa birika kulichimbiwa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujificha. Ni ufundi wa kistaarabu kuliko dawa nyingi za kupuliza. Lakini pipa la plastiki la leo halina samaki, na mara nyingi halina hata kifuniko.

Kutoka Lamu kirusi kilifika Mombasa mwaka huo huo. Mwanzoni mwa 2005 kikawa Komoro, ambako katika kisiwa cha Ngazija asilimia 63 ya watu waliambukizwa. Virusi vya Lamu na vya Komoro vilipolinganishwa kijenetiki vilionekana karibu sawa. Mbu wenyewe haruki mbali, mara nyingi hazidi mita mia chache maishani mwake. Anayevuka bahari ni mtu, akiwa na kirusi ndani ya damu yake katika siku za mwanzo za homa, au hata kabla hajajua kuwa anaumwa.

Kisha ikaja zamu ya Réunion, kisiwa cha Ufaransa chenye hoteli, fukwe na watalii. Wagonjwa wa kwanza walionekana mwaka 2005, na ilipofika Februari 2006 wiki moja ilileta wagonjwa wapya zaidi ya 40,000. Jumla walikadiriwa kuwa 266,000, yaani mtu mmoja kati ya kila watatu kisiwani. Ugonjwa uliodhaniwa hauui ukahusishwa na vifo zaidi ya 200, wengi wao wazee, na ikagundulika kuwa mama mwenye kirusi damuni wakati wa kujifungua anaweza kumwambukiza mtoto. Kule mbu mkubwa wa kazi alikuwa Aedes albopictus, na kirusi kilipata badiliko moja dogo katika protini ya ganda lake lililomwezesha mbu huyo kukibeba vizuri zaidi. Utalii wa kisiwa ulianguka mwaka huo. Mwaka 2007 msafiri aliyetoka India alikwenda kuwatembelea jamaa zake katika kijiji cha Castiglione di Cervia, pwani ya Italia, na watu zaidi ya 200 wa eneo hilo wakaugua. Ulaya ikajua kuwa jambo hili si la "nchi za joto" peke yake.

Je, sheria yetu inasema nini? Wengi hukimbilia hadithi ya tauni, kwamba ikisikika katika nchi msiingie, na ikiwakuta ndani msitoke kwa kuikimbia. Umar bin Khattab (r.a.) alipofika Sargh akiwa njiani kwenda Sham, alishauriana na watu kisha akarudi. Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, naye akajibu kuwa anatoka kwenye kadari moja kwenda kwenye kadari nyingine ya Allah. Kwa maoni yangu si sawa kuichukua hadithi hiyo na kuufunga mji kila inapotokea homa ya mbu. Tauni ilikuwa ikiangamiza watu kwa maelfu, chikungunya haifanyi hivyo. Lakini hekima yake iko wazi: mwenye homa asisafiri wiki ile ya kwanza. Alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu wa nyumba hiyo asichukue kirusi kwake akampelekea jirani.

Hadithi iliyo karibu zaidi na jambo letu ni ile aliyoipokea Jabir (r.a.) katika Sahihi Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) aliamuru vyombo vifunikwe na viriba vifungwe midomo, akataja maradhi yanayoshuka na kuingia katika chombo kilicho wazi. Sisemi kuwa hadithi hiyo inamzungumzia Aedes. Nasema kwamba nyumba inayoitekeleza Sunna hiyo kila siku imemnyima mbu huyu pa kutagia.

Jambo la pili halisemwi sana, nalo ni kuficha. Homa inapoanza katika mji unaoishi kwa wageni, wenye hoteli, wenye mashua na waongoza wageni huogopa habari zisitoke, kwa sababu mgeni mmoja akighairi, familia kadhaa zinakosa chakula. Hofu hiyo ni ya kweli, na anayeidharau hajawahi kuishi kwa msimu. Hata hivyo Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta ubichi chini, alimkemea muuzaji kwa kuuficha. Kumpangishia mtu chumba huku unajua jirani zako wote wamelala kwa homa, bila kumwambia ajipake dawa ya mbu na avae mikono mirefu asubuhi na alasiri, ni ubichi ule ule chini ya nafaka. Tena kuficha hakumlindi mwenyeji, kwa kuwa mgonjwa wa kwanza huwa ni mfanyakazi anayetandika vitanda. Mgeni ataondoka baada ya wiki, lakini yeye atabaki na magoti yanayouma kwa miezi, na kwa wengine miaka.

Kwa atakayeugua: dawa maalumu ya kuua kirusi hiki haipo. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, na bado si kitu cha kutegemea katika zahanati zetu. Mgonjwa apumzike, anywe maji mengi, atumie paracetamol, na asimeze aspirini wala diclofenac mpaka daktari ahakikishe kuwa si dengi, kwa kuwa dengi inaweza kuleta kutokwa na damu. Kipimo cha malaria kikitoka safi na homa ipo, mwambie daktari ulitoka pwani. Na asiyeweza kusimama aswali ameketi, asiyeweza kuketi aswali kwa ubavu, kama alivyofundishwa Imran bin Husayn (r.a.). Kujilazimisha kusimama huku viungo vinawaka si ucha Mungu.

Kwa halaka za Ijumaa, tujadili haya: maji ya udhu ya msikiti wetu wa chuo hukaa katika mapipa mangapi, na lini yalisuguliwa kwa brashi mara ya mwisho? Ni nani atakayeyasugua kila wiki, wakati wa likizo pia? Na mwenye nyumba ya wageni aliyesikia homa mtaani kwake, lakini hospitali bado haijathibitisha, analazimika kumwambia mgeni kiasi gani?