Nyika na Wenyewe: Lugha na Mandhari katika Filamu Zinazohusu Taru, Tsavo na Pwani ya Kenya

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa filamu haujapata katika masomo ya Kiswahili nafasi iliyopewa uhakiki wa riwaya, tamthilia na ushairi. Hata hivyo, filamu ni kazi ya sanaa yenye msuko, wahusika, mandhari na lugha, na zana anazozitumia mwanafunzi kuhakiki tamthilia zinamfaa pia akiwa mbele ya skrini. Makala hii inakusudia kuhakiki filamu kadhaa zinazohusu nyika ya Taru na Tsavo pamoja na fukwe za pwani ya Kenya, na kuzilinganisha na nyingine mbili zilizosimuliwa kwa lugha za wahusika wenyewe. Kipimo kitakachotumika ni kimoja: nani amepewa lugha, naye anaitumia kusema nini? Hoja inayotetewa ni kwamba filamu inayokifanya Kiswahili kuwa pambo huwa pia imewaondoa wenyeji katika ardhi yao.

2.0 Taru kama Mandhari

Taru ni mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, katika eneo la Kinango, Kaunti ya Kwale. Jina hilo hilo ni la nyika kavu inayoenea kuelekea bara. Misafara ya karne ya 19 iliiogopa nyika hiyo kwa uhaba wa maji, ikategemea vidimbwi vya miambani vilivyohifadhi maji ya mvua. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilibidi ipasue nyika hiyo kabla ya kufika mto Tsavo, ambako daraja lilijengwa mwaka 1898.

Neno 'nyika' lenyewe lina funzo. Watu wa pwani walilitumia kwa pori kavu, na wakawaita 'Wanyika' watu wa jamii ambazo leo hujitambulisha kuwa Mijikenda, wakiwemo Waduruma wa Taru. Jina hilo lilikuwa na dharau ndani yake, lakini angalau lilikiri kwamba nyika ina watu. Sinema iliyokuja baadaye iliitwaa nyika, ikawaacha watu.

3.0 Simba wa Tsavo: Filamu Mbili

Kati ya Machi na Desemba 1898, simba wawili waliwaua wafanyakazi wa reli huko Tsavo. Mhandisi J. H. Patterson aliwaua simba hao mwezi Desemba, akachapisha kitabu chake mwaka 1907, na baadaye ngozi zao zikauzwa kwa jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago. Patterson alikuja kudai kwamba waliouawa walifikia 135. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria watu wapatao 35 kuwa ndio walioliwa. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba kisa kilikwisha kuwa ngano kabla hakijawa filamu.

Bwana Devil (1952), iliyoelekezwa na Arch Oboler, inakumbukwa kwa ufundi wake: ilikuwa filamu ndefu ya rangi iliyotazamwa kwa miwani maalumu ili picha zionekane kana kwamba zinatoka ukutani, nayo ikazusha wimbi la filamu za aina hiyo Marekani. Ukiondoa miwani, kinachobaki ni hafifu. Nyika ya Tsavo iliigizwa California. Neno la Kiswahili lililopewa heshima ya kuingia katika anwani ni 'bwana', yaani neno ambalo mtumishi alitakiwa kumwitia mkubwa wake. Anwani hiyo peke yake inafichua mtazamo wa kazi nzima.

The Ghost and the Darkness (1996), iliyoelekezwa na Stephen Hopkins kwa mswada wa William Goldman, ni kazi bora zaidi. Inajua kuwaficha simba katika nyasi ndefu na kuiachia sauti kazi ya kutisha, na ilistahili tuzo ya Oscar ya uhariri wa sauti. Mhusika Abdullah, aliyeigizwa na Om Puri, anamkabili Patterson kwa niaba ya wafanyakazi Wahindi, na hivyo mgogoro wa kikazi haukufutwa kabisa. Lakini mwindaji Remington ni mhusika wa kubuni aliyeongezwa ili shujaa apate mwenzi. Picha zilipigwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya mengi ya shingoni, ilhali wale wa kweli hawakuwa nayo.

La kuzingatiwa zaidi ni Samuel, aliyeigizwa na John Kani. Yeye ndiye msimulizi, kwa hiyo sauti ya Mwafrika inatangulia. Mhakiki asiharakishe kushangilia. Usimulizi wa Samuel umetolewa kwa Kiingereza ili kuukuza ujasiri wa Patterson, na maisha yake nje ya kambi hayaonyeshwi. Amepewa sauti, lakini hakupewa kwao.

4.0 Ufukweni

Kutoka nyikani, filamu za Ulaya zilihamia ufukweni. Die weiße Massai (2005), iliyoelekezwa na Hermine Huntgeburth, inaanzia pwani kisha inamfuata mwanamke Mzungu na mpenzi wake hadi kaskazini mwa Kenya, katika jamii ya Wasamburu. Mandhari yake yanavutia na Nina Hoss anaigiza kwa uaminifu. Hata hivyo, pwani ni mlango wa kupitia tu, na mpenzi huyo, aliyeigizwa na Jacky Ido, mzaliwa wa Burkina Faso, tunamfahamu kupitia macho ya mwanamke pekee.

Paradies: Liebe (2012) ya Ulrich Seidl, iliyoshindania tuzo kuu Cannes mwaka huo, ni ngumu kuitazama, nayo ndiyo yenye ukweli mwingi zaidi miongoni mwa filamu za wageni zinazohakikiwa hapa. Teresa, mwanamke wa makamo kutoka Vienna, anatafuta mapenzi kwa vijana wa ufukweni. Maisha hayo si mageni kwa mkazi wa Diani. Watalii wanafundishwa 'jambo' na 'hakuna matata', maneno ambayo Mswahili hayatumii hivyo na mwenzake, nao kwa upande wao wanamkaririsha mhudumu wa hoteli maneno ya Kijerumani ili wamcheke. Kila upande unampa mwenzake lugha isiyo na uzito, na mapenzi yanayozaliwa humo yanakuwa ya namna hiyo hiyo. Seidl amekitumia Kiswahili kama pambo kwa makusudi, ili aonyeshe bei ya pambo hilo. Kasoro yake ni kwamba mke wa Munga, anayetambulishwa kwa Teresa kuwa dada, hakupewa nafasi ya kueleza upande wake.

5.0 Lugha Ikiwa Mikononi mwa Wahusika

Arusi ya Mariamu (1985), ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inashughulikia ugonjwa na uganga wa jadi Tanzania. Kiswahili ndicho kinachobeba hofu, aibu na uponyaji wa Mariamu. Hakuna mgeni anayehitaji kutafsiriwa kwanza. Nairobi Half Life (2012), iliyoelekezwa na David Gitonga, inachanganya Kiswahili, Sheng na Kikuyu kwa namna inayomtambulisha mhusika kwa asili yake, umri wake na kazi yake. Mwas anaanza kwa kuuza filamu za kigeni na kuziigiza kijijini, kisha anaitafuta jukwaani sauti iliyo yake. Ukatili wa filamu hiyo hurefushwa kupita kiasi, lakini kila mhusika mkuu ana kwao.

6.0 Hitimisho

Filamu hizi zinamfunza mwanafunzi asiishie kuuliza kama Kiswahili kimesikika. Aulize pia kimesemwa na nani kwa nani, na kama msemaji ana nyumba, jamaa na neno la kukataa. Watazamaji wa kawaida wamekwisha kulitambua pengo hilo: wasimulizi kama DJ Afro wamejipatia umaarufu nchini Kenya kwa kuzisimulia upya filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakiwatania mashujaa wake na kuwapa majina mapya. Huo nao ni uhakiki, na unastahili kuchunguzwa katika semina zetu.

Kuhusu Taru, kazi iliyobaki ni ya uwandani. Reli, ukame na wanyama vinasimuliwa pia kwa Kiduruma, na wazee wenye masimulizi hayo hawadumu milele. Mwandishi wa mswada atakayeanzia kwao hatahitaji kwenda California kuitafuta nyika.