Mawimbi ya Redio: Kubuni Antena ya Kuvaliwa Mwilini

Somo hili ni sehemu ya mada ya mawimbi sumakuumeme. Kabla hujaendelea, hakikisha unakumbuka mambo matatu: mlinganyo c = fλ, wimbi linalosimama kwenye uzi uliofungwa ncha zote mbili, na ukweli kwamba mwanga hupungua kasi unapoingia kwenye kioo au maji. Mtihani wa Taifa utaujibu kwa Kiingereza, lakini hoja ukiielewa vizuri kwa Kiswahili, kilichobaki ni kujifunza maneno.

Maswali ya siku hizi hupenda kukupa kifaa usichowahi kukiona na kukutaka ueleze kinavyofanya kazi. Nguo yenye vihisi ni mfano mzuri. Kihisi ni kifaa kidogo kinachopima kitu fulani, kama joto la mwili au mapigo ya moyo, na kukigeuza kuwa ishara ya umeme. Ishara hiyo hupelekwa kwa redio, bila waya, hadi kwenye kipokezi kilicho mbali. Si wazo geni nchini. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linalofundisha panya buku limekuwa likiwazoesha baadhi yao kuvaa kibegi chenye kamera na redio, ili siku moja watafute watu waliofukiwa na majengo.

Sisi tubaki Singida. Wafikirie wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Sekenke, wilaya ya Iramba, eneo ambalo dhahabu yake ilianza kuchimbwa tangu enzi za Wajerumani. Juu ya ardhi wapo wanaobeba mifuko ya mawe na wanaolisha karasha, jua likiwa utosini. Joto la mwili likizidi, mtu huanza kwa kizunguzungu, kisha huanguka, na asipopozwa mapema anaweza kufa. Tuseme fundi anataka kuwashonea vizibao vya reflekta vyenye kihisi cha joto, ili msimamizi aliye kibandani apate tahadhari kabla mtu hajaanguka. Kihisi kinanunuliwa, na redio ndogo pia inanunuliwa. Kazi ngumu ni antena.

Antena ni nini hasa?

Antena ni kipande cha kitu kinachopitisha umeme, ambamo elektroni husukumwa huku na huku kwa masafa ya redio. Masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na hupimwa kwa hezi. Elektroni zinazotetemeka hutoa mawimbi sumakuumeme. Ili zitetemeke kwa nguvu, urefu wa antena lazima uendane na urefu wa wimbi, kama uzi wa zeze unavyolia vizuri kwa sauti moja inayolingana na urefu wake. Antena nyingi hukatwa nusu ya urefu wa wimbi. Nyingine hukatwa robo, na hizo ulinganishe na bomba la hewa lililozibwa upande mmoja, lile ulilolitumia kwenye jaribio la sauti.

Mfano wa 1. Tafuta urefu wa antena ya robo wimbi kwa masafa ya (a) MHz 433 na (b) GHz 2.45. Chukua c = 3 × 10⁸ m/s.

(a) λ = c/f = 3 × 10⁸ ÷ 4.33 × 10⁸ = m 0.693. Robo yake ni m 0.173, yaani sm 17.3.

(b) λ = 3 × 10⁸ ÷ 2.45 × 10⁹ = m 0.122. Robo yake ni sm 3.1.

Wengi wakifika hapa hufunga daftari. Tazama majibu yanasema nini kwa mshonaji. Sentimita 17 zinaenea kwenye bega hadi mgongoni, ila zitapinda kila mtu anapoinama. Sentimita 3 zinakaa hata mfukoni. Lakini masafa ya chini yana faida moja ambayo mtu wa Singida ataielewa haraka: mkoa una miamba mikubwa ya itale iliyojitokeza juu ya ardhi, na wimbi refu huzunguka kingo za vizuizi vizuri kuliko wimbi fupi. Ukiulizwa uchague masafa, usitaje faida bila gharama yake. Kwa zoezi hili fundi wetu amechagua GHz 2.45, kwa kuwa kibanda kinaonekana wazi kutoka kwenye karasha.

Mwili hauko kama hewa

Kasi ya m/s 3 × 10⁸ ni ya ombwe, na kwa hewa tunaichukua hiyo hiyo. Ndani ya vitu vingine wimbi huenda polepole:

v = c ÷ √εᵣ

Hapa εᵣ ni thamani ya dielektriki ya kitu husika. Hewa ni karibu 1. Kitambaa kikavu mara nyingi ni kati ya 1 na 2. Maji ni karibu 80. Msuli wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, ni karibu 53 kwa masafa ya GHz 2.45.

Masafa hayabadiliki wimbi linapoingia kwenye kitu kingine. Kinachobadilika ni kasi, na kwa hiyo urefu wa wimbi. Andika sentensi hii kwenye daftari lako, kwa sababu ina alama zake katika maswali ya kupinda kwa mwanga pia. Ndani ya msuli, wimbi letu la sm 12.2 hupungua hadi 12.2 ÷ √53, yaani karibu sm 1.7. Antena iliyokatwa kwa hesabu ya hewa kisha ikalazwa moja kwa moja juu ya ngozi haiko tena kwenye mlio wake. Zaidi ya hapo, mwili hunyonya nishati. Baada ya kupita kama sm 2 za msuli, nguvu ya uga wa wimbi hilo imeshuka hadi karibu theluthi moja. Ndiyo maana antena iliyo kifuani haisikiki vizuri kwa kipokezi kilicho nyuma ya mgongo.

Wanafunzi huuliza kama redio hiyo itamdhuru mvaaji kama mionzi ya nyuklia. La. Mawimbi ya redio hayana nishati ya kung'oa elektroni kwenye atomu. Yakiwa na nguvu kubwa hupasha joto tu, na redio ya kihisi hutumia nguvu ndogo, mara nyingi miliwati chache.

Antena ya kiraka

Dawa ya mwili ni kuweka ukuta kati yake na antena. Fundi huchukua vipande viwili vya kitambaa kilichopakwa shaba au fedha, ambacho hupitisha umeme. Kipande kikubwa hukaa upande wa mwili na kuzuia mawimbi yasiingie mwilini. Kidogo, ambacho ndicho kiraka chenyewe, hukaa upande wa nje. Katikati kuna tabaka la kitambaa kizito kisichopitisha umeme. Urefu wa kiraka ni takriban nusu ya wimbi ndani ya tabaka hilo:

L = c ÷ (2f√εᵣ)

Mfano wa 2. Tabaka la katikati lina εᵣ = 1.44. Tafuta L kwa GHz 2.45.

√1.44 = 1.2. Basi L = 3 × 10⁸ ÷ (2 × 2.45 × 10⁹ × 1.2) = m 0.051, yaani sm 5.1.

Kiutendaji uga huchungulia kidogo nje ya kingo, hivyo kiraka kamili huwa kifupi kuliko jibu hili. Fundi hukata kwa hesabu, hupima, kisha hupunguza kwa mkasi. Kwenye mtihani jibu la sm 5.1 linatosha.

Jasho

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Kizibao kimejaribiwa asubuhi kikiwa kikavu na kinafanya kazi. Saa nane mchana mvaaji anavuja jasho, na jasho ni maji, yenye εᵣ karibu 80. Hata likiingia kidogo, thamani ya kitambaa hupanda.

Mfano wa 3. Tabaka la Mfano wa 2 limelowa na εᵣ imekuwa 1.96. Kiraka bado ni sm 5.1. Je, sasa kinalia kwa masafa gani?

f = c ÷ (2L√εᵣ) = 3 × 10⁸ ÷ (2 × 0.051 × 1.4) = 2.1 × 10⁹ Hz, yaani GHz 2.1.

Redio bado inatuma kwa GHz 2.45, lakini antena imeshuka hadi 2.1. Nishati nyingi inarudi ilikotoka, kama wimbi la kamba linavyorudi likifika kwenye ncha iliyofungwa ukutani. Kibandani tahadhari haifiki. Ona ubaya wake: anayetokwa jasho jingi ndiye aliye karibu zaidi na hatari, na ndiye ambaye kizibao chake kinanyamaza.

Kwa hiyo uchaguzi wa kitambaa si suala la urembo. Pamba, inayolimwa Iramba kwenyewe, ni nzuri kwa mvaaji lakini hunyonya maji: hata katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake mkavu. Poliesta hubeba chini ya asilimia 1. Fundi mzuri ataacha pamba iguse ngozi, atumie poliesta katikati ya antena, na kuifunika yote kwa nailoni isiyopitisha maji, akiziba mishono. Atafanya tabaka la katikati kuwa nene kidogo, kwa sababu unene hupanua mkanda wa masafa ambao antena inaukubali. Ataiweka juu ya mgongo, karibu na mabega, ambako nguo haikunjiki sana. Na atakijaribu kizibao kikiwa kimelowa, kimevaliwa na mtu.

Jambo moja kizibao hiki hakiwezi: kumsaidia aliye ndani ya duara. Mwamba hunyonya na kuakisi mawimbi haya, hivyo chini ya ardhi panahitaji waya au vipokezi vilivyopangwa kuteremka na shimo.

Jipime

1. Tafuta urefu wa antena ya robo wimbi kwa MHz 868. (alama 3)

2. Tabaka la kitambaa cha jinzi lina εᵣ = 1.69. Tafuta urefu wa kiraka kwa GHz 2.45. (alama 3)

3. Antena ya waya ilifanya kazi vizuri ikiwa juu ya meza ya maabara, ikashindwa iliposhonwa kwenye fulana bila tabaka la nyuma. Toa sababu mbili. (alama 4)

Majibu: 1. sm 8.6. 2. sm 4.7. 3. Mwili umepunguza kasi ya wimbi, na hivyo urefu wake, antena ikatoka kwenye masafa yake. Pia mwili umenyonya sehemu ya nishati. Ukiandika tu kwamba "mwili umezuia mawimbi", tarajia alama moja.