Haki Haihami Yenyewe



Katika somo hili tunachambua swali moja: serikali inapounganisha mafao mengi ya zamani kuwa fao moja jipya, nani hubeba mzigo wa kuhama? Tumechukua mfano wa Uingereza, kwa kuwa huko kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka kumi na matokeo yake yameonekana.

MFUMO WA ZAMANI

Mwingereza mwenye mshahara mdogo, asiye na kazi, au mgonjwa, aliweza kusaidiwa kwa mafao sita mbalimbali. Msaada wa kodi ya nyumba ulitoka kwa halmashauri ya mahali anapoishi. Nyongeza ya mshahara mdogo na ile ya watoto zilitoka ofisi ya kodi. Mafao ya ukosefu wa kazi, ya ugonjwa na ya wasio na kipato yalitoka idara ya serikali kuu. Kila mlango ulikuwa na fomu zake.

Sheria ya mwaka 2012 iliyaunganisha yote sita kuwa fao moja, Universal Credit, lililoanza kutolewa mwaka 2013. Shabaha yake ilieleweka: mlango mmoja, hesabu moja, na mtu akipata kazi fao lipungue polepole badala ya kukatika ghafla. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021, kila paundi ya mshahara inayohesabiwa hupunguza fao kwa pensi 55.

MZIGO WA KUHAMA

Serikali ilikusudia kumaliza kazi mwaka 2017. Haikuwezekana. Nyongeza zilizotolewa na ofisi ya kodi zilifungwa Aprili 2025.

Hapa ndipo penye fundisho. Mtu wa mafao ya zamani hakuhamishwa na ofisi. Alipelekewa barua ya kumtaka aombe upya, yeye mwenyewe, katika miezi mitatu. Asipoomba, fao la zamani husimama. Asiyejua kusoma vizuri, au aliyelala hospitali, aliweza kuongezewa muda, lakini ilimbidi auombe. Na baada ya kuomba, malipo ya kwanza huchukua kama wiki tano. Anayeshindwa kungoja hupewa advansi, lakini advansi ni deni: hukatwa katika malipo ya miezi ijayo.

Ilikuwapo kinga. Aliyeomba kwa barua hiyo, na fao jipya likawa dogo kuliko la zamani, alifidiwa tofauti. Lakini fidia hiyo huliwa kidogo kidogo kila fao linapopandishwa. Na waliohamia fao jipya kabla ya barua, kwa sababu hali yao ilibadilika, hawakuwekewa fidia hiyo. Watu wawili wenye ulemavu mkubwa walihama makazi, wakapoteza karibu paundi 178 kwa mwezi. Walikwenda Mahakama Kuu, na Juni 2018 mahakama ikaamua kuwa walibaguliwa kinyume cha sheria.

MFANO WA JIRANI

Nchini Tanzania mifuko minne ya pensheni, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa Agosti 2018 kuwa PSSSF ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Huko sheria yenyewe ndiyo iliyowahamisha wanachama. Lakini kikokotoo cha mafao kilipobadilishwa, wafanyakazi walilalamika, na Desemba 2018 Rais Magufuli aliagiza vikokotoo vya zamani viendelee hadi mwaka 2023. Kwa hiyo hata jina likihama salama, kipimo chaweza kubadilika njiani.

TUFANYE NINI?

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hatusemi mfumo mpya ukataliwe. Tunasema chama kiulize mapema, kabla sheria haijapitishwa: Nani atahamisha majina, ofisi au mwanachama? Siku za kungoja atakula nini? Kipimo kipya kikimpunguzia, nani atafidia, na kwa muda gani?

Kila mwanachama naye atunze hati za mishahara na taarifa za michango yake. Siku ya kuhama, karatasi hizo ndizo shahidi wake.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini advansi haikuondoa shida ya wiki tano?
2. Katika tawi letu, ni wanachama gani wangeshindwa kujibu barua kwa wakati, na nani angewasaidia?
3. Je, umepata kuhakikisha kuwa michango unayokatwa inafika?