SOMO LA AFYA: JE, MNYWAJI ANAYEKULA VIZURI INI LAKE LIKO SALAMA?

Mwezi huu tunataka tuongee juu ya ini, kwa sababu ya neno moja tunalolisikia karibu kila kikundi tunachotembelea: "Pombe haimdhuru mtu anayekula akashiba." Wazee wanalisema, vijana wanalisema, na akina mama wanaopika busaa wanalisema huku wakipakua. Mtu akifa tumbo limefura, utasikia matangani, "Si pombe, huyo alikuwa hali."

Tusiwacheke wanaosema hivyo. Hata wataalamu wakubwa wa Ulaya na Marekani waliliamini neno hili kwa miaka mingi. Mwaka 1949 Charles Best wa Kanada, mmoja wa wale waliogundua insulini ya kutibu ugonjwa wa sukari, aliandika pamoja na wenzake kwamba pombe haina sumu yake ya pekee kwa ini kuliko sukari. Walikuwa wamepima panya, wakaona ini linakingwa lisijae mafuta wakiongezewa virutubisho. Basi wakasema shida ni lishe.

Aliyekataa kuridhika na jibu hilo ni daktari Charles Lieber. Alizaliwa Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1931, akasomea udaktari Brussels, kisha akaenda Marekani mwaka 1958. Kazi yake nyingi aliifanya katika hospitali ya wanajeshi wa zamani, mtaa wa Bronx, New York. Alifariki mwaka 2009. Hapa tutaeleza alichokiona, maana kinatuhusu.

Shida yake ya kwanza ilikuwa kwamba panya hapendi pombe. Ukimtilia kwenye maji atakunywa kidogo tu, na ini halitadhurika. Kwa hiyo Lieber na mwenzake DeCarli wakatengeneza chakula cha maji maji kama uji, chenye kila kirutubisho, wakatia pombe humo humo. Panya hakuwa na chakula kingine. Kundi la pili likapewa uji ule ule kwa kipimo kile kile, ila mahali pa pombe pakatiwa chakula cha kutia nguvu. Ninyi mliopanda mashamba ya majaribio mnajua maana yake: ukitaka kujua kama ni mbolea iliyosaidia, lazima udongo, mbegu na mvua viwe sawa pande zote mbili. Panya wa pombe wakapata mafuta kwenye ini, hali wamekula vizuri. Katika miaka ya 1960 watu waliojitolea nao wakapewa pombe pamoja na chakula chenye protini ya kutosha. Ini lao likaanza kushika mafuta kwa muda mfupi tu.

Kisha wakaja nyani. Ndiyo, nyani, adui yule yule wa shamba la mahindi. Walilishwa vizuri, lakini nusu ya nguvu ya chakula chao ilitoka kwenye pombe, na wengine walikaa hivyo hadi miaka 4. Matokeo yakachapishwa mwaka 1974 na 1975. Kwanza ini lilijaa mafuta, halafu kwa baadhi yao likavimba, na wengine wakafika kwenye sirosisi, yaani ini kujaa makovu na kuwa gumu. Watafiti wengine waliojaribu baadaye hawakupata makovu hayo kila mara, na mabishano yaliendelea. Lakini jambo kuu limekubaliwa leo: pombe yenyewe huliumiza ini, hata sahani ikiwa imejaa. Njaa huzidisha madhara, lakini shibe haiyazuii. Kula kabla ya kunywa hukuchelewesha kulewa, basi.

Sasa, ini linafanya nini na pombe? Linaichukua kama mgeni wa hatari ambaye lazima atolewe kwanza. Inageuzwa kuwa kitu kinachoitwa asetaldehaidi, ambacho ni sumu kuliko pombe yenyewe, kisha kuwa asetati ambayo mwili unaweza kuitumia. Wakati ini linashughulika na mgeni huyo, kazi nyingine zinasimama. Mafuta ambayo yangechomwa yanabaki pale pale, ndiyo sababu ini linanona. Na sukari ambayo ini hutengeneza mtu akiwa na njaa haitengenezwi.

Hili la sukari tukae nalo kidogo, maana linaua. Mtu ameshinda bila kula, amekunywa usiku kucha, asubuhi anakutwa amelala barabarani ana jasho na baridi. Watu wanapita wakisema, "Muacheni, amelewa." Pengine sukari imeisha kwenye damu. Mtikise. Akiamka na kuweza kumeza, mpe chai yenye sukari nyingi au soda, na msimwache peke yake. Asipoamka, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, halafu mtafute gari mara moja.

Ini haliharakishwi. Chupa moja ya bia ya nusu lita huchukua karibu saa 2 kwisha mwilini. Kahawa, maziwa au kuoga maji baridi havipunguzi hata dakika.

Lieber na DeCarli walionyesha jambo lingine mwaka 1968. Mnywaji wa kila siku huamsha ndani ya ini njia ya pili ya kuchoma pombe. Ndiyo maana yule mzee anaweza kumaliza mtungi na asiyumbe, na wenzake wanamsifu kwamba ana kichwa kigumu. Kumbe njia hiyo hiyo hugeuza dawa fulani kuwa sumu. Parasetamoli, hii tunayonunua dukani kwa shilingi chache, ikizidi kipimo inaweza kuliharibu ini la mnywaji upesi kuliko la mtu mwingine. Asimeze nyingi kutuliza kichwa cha asubuhi. Na mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza isoniazidi aache pombe kabisa, tena amwambie daktari ukweli.

Kwa akina mama: mwaka 1990 Lieber na wenzake wa Italia walichapisha kwamba tumbo la mwanamke huvunja pombe kidogo kuliko la mwanamume. Tena mwili wake una maji machache ya kuizimua. Kwa hiyo kikombe kile kile kinamwingia mama zaidi. Mnaoonja onja mnapopika, hesabuni hiyo mionjo.

Tunaomba jambo moja kwa nguvu. Mkiona mtu ana macho ya manjano au tumbo limejaa maji, msikimbilie kusema ni mlevi, wala kwamba amelogwa. Ini huharibiwa pia na homa ya ini ya virusi vya B, na kichocho, na mahindi yenye ukungu. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na jirani zake, sumu ya ukungu wa mahindi iliua watu 125 kati ya 317 waliougua. Miongoni mwao walikuwemo watoto wadogo. Tumesikia mama aliyenyimwa mkopo na kikundi chake kwa sababu ya tumbo kufura, na hajawahi kuonja pombe. Hiyo ni dhuluma.

Habari njema ni kwamba ini lililojaa mafuta tu hupona mtu akiacha kunywa, mara nyingi kwa wiki chache. Makovu ni vigumu kurudi nyuma, lakini hata huyo akiacha huongeza miaka yake. Mnywaji wa miaka mingi anayetetemeka asubuhi asiache ghafla akiwa peke yake. Apitie hospitali kwanza, maana anaweza kupata kifafa. Akitapika damu, msingoje kesho.

Katika mkutano wenu ujao jadilianeni haya. Katika kikundi chetu ni wangapi wanaolipa karo kwa kuuza busaa au chang'aa, na tukiwaambia waache, mfuko wetu una mkopo wa kuwaanzishia kazi gani nyingine? Nani anaweza kumsindikiza jirani hospitalini bila kumwaibisha? Na mahindi yetu ya msimu huu, yalikauka sawasawa kabla ya kutiwa ghalani?