Nguvu ya Vidole Haikai Vidoleni

Mtu mzima ana mifupa 206, na zaidi ya nusu yake imejazana kwenye ncha za mwili: 27 kila mkono, 26 kila mguu, jumla 106. Viungo hivi tunavitumikisha kutwa nzima, lakini tunavikumbuka vikianza kuuma. Vidokezo hivi havihitaji kifaa chochote maalumu. Kunja mikono ya shati, vua viatu, tuanze.

1. Tafuta misuli ilipo. Shika kigasha cha mkono wako wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, kisha chezesha vidole vya mkono huo huo. Unasikia nyama ikitembea chini ya ngozi? Hiyo ndiyo mitambo yenyewe. Vidole havina misuli yake ya kuvikunja wala kuvinyoosha. Vinavutwa na kano ndefu zinazoshuka kutoka kwenye kigasha, vikisaidiwa na misuli midogo ya kiganjani. Kwa hiyo aliyesonga ugali wa shughuli au aliyeshinda na bisibisi asiishie kuminyaminya vidole. Akande kigasha, kuanzia kiwikoni hadi kwenye kifundo.

2. Usikunje kifundo unapokaza mkono. Kunja kifundo kwa ndani kabisa, kiganja kielekee kwenye kigasha, halafu jaribu kushika kalamu kwa nguvu. Mtoto mdogo anaweza kukunyang'anya. Katika mkao huo kano za kukunja vidole zimelegea, na zile za upande wa nyuma zimevutika hadi mwisho, kwa hiyo ngumi haifungi. Sasa inua kifundo kidogo kwa nyuma, kaza tena, uone tofauti. Ukikamua tui, ukisokota nguo ya kufua au ukishika panga, kaa na mkao huu wa pili. Utafanya kazi ile ile kwa jasho dogo.

3. Kionee huruma kidole gumba. Kiungo cha gumba pale karibu na kifundo kimeumbwa kama tandiko la punda, kwa hiyo gumba linakwenda mbele, nyuma na pembeni, tena linageuka kuzigusa ncha za vidole vyote vinne. Jaribu, kimoja kimoja. Bila uwezo huo hakuna kushona, hakuna kuandika, hakuna kuchambua mchele. Mtaalamu wa mifupa John Napier aliandika mwaka 1956 kwamba mkono una mishiko mikuu miwili: wa nguvu, kama unavyokamata mpini wa jembe, na wa makini, kama unavyoshika sindano. Mifupa ya mkono iliyopatikana Olduvai, Tanzania, mwaka 1960 ilipita mikononi mwake, na mwaka 1964 yeye na watafiti wenzake Louis Leakey na Phillip Tobias walitangaza aina mpya ya binadamu wa kale, Homo habilis.

Kiungo hicho chenye historia ndefu namna hiyo leo tunakichosha kwa simu. Gumba moja linaandika ujumbe asubuhi hadi usiku, huku vidole vingine vimeshikilia simu tu. Weka simu mezani uandike kwa kidole cha shahada, au tuma ujumbe wa sauti. Maumivu yakianza chini ya gumba, karibu na kifundo, pumzisha mkono mapema.

4. Ganzi ikija, angalia imeshika vidole gani. Hapa nakuomba uwe makini. Mbele ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo kano tisa zinapita pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Njia ikibana, mshipa unaumia, na ganzi inashika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kinabaki salama, kwa kuwa mshipa wake unapita kwingine. Wengi huamshwa usiku wakikung'uta mkono. Kulala kifundo kikiwa kimenyooka husaidia. Lakini ukiona nyama ya chini ya gumba inasinyaa, au vitu vinakuponyoka, nenda kwa daktari, usisubiri.

5. Usikilaumu kidole cha pete. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kwa chini, kisha jaribu kuinua vingine kimoja kimoja. Cha pete hakiinuki. Kano yake ya nyuma imeunganishwa na za jirani zake. Anayejifunza udi au gitaa ajue hilo, asikate tamaa.

6. Inua gumba la mguu. Simama peku, mtu akuinulie gumba la mguu kwa mkono. Tazama upande wa ndani wa wayo: upinde unapanda wenyewe. Chini ya wayo kuna utando mgumu kutoka kisiginoni hadi vidoleni. Gumba likiinuka, utando unakaza na mguu unakuwa imara kiasi cha kusukuma ardhi. Hilo hutokea kila hatua. Hata nyayo za kale za Laetoli, Tanzania, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey, zinaonyesha gumba likiwa limeelekea mbele pamoja na wenzake.

7. Kisigino kikiuma hatua za kwanza asubuhi, mara nyingi ni utando huo huo. Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako taratibu. Halafu nyoosha shavu la mguu: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino chini. Misuli ya shavu ikikakamaa, wayo ndio unaolipa.

8. Peku ni nzuri, ila polepole. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, lakini alikuwa amezoea kukimbia hivyo. Aliyevaa viatu maisha yake yote aanze kwa matembezi mafupi. Na kiatu kikibana vidole, hata kiwe kizuri vipi, kiache dukani.

9. Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni. Sukari huweza kuua hisia za miguu, mtu akakanyaga mwiba asijue. Tazama chini ya wayo kwa kioo, na katikati ya vidole. Kandambili zisikudanganye kuwa umejikinga. Ukiona kidonda, hata kidogo na kisichouma, fika kituo cha afya siku hiyo hiyo.